Modeli ya tangi la maji la reli: jinsi ya kuijenga mwenyewe kuanzia kipande cha kwanza

Kama unataka kujenga jengo la reli kwa mikono yako bila seti ya dukani, anza na tangi la maji. Stesheni ina milango, madirisha na vigae vya kukuchosha kabla hujafika nusu. Daraja linadai hesabu nyingi. Tangi ni sanduku lililokaa juu ya mnara wa chuma, na karibu kila sehemu yake unaiona ukisimama chini yake.

Kuna sababu nyingine ya kulijenga. Seti za modeli zinazouzwa nyingi ni za majengo ya Ulaya na Marekani, kwa hiyo anayetaka tangi la njia ya Mombasa–Kisumu au Dar es Salaam–Kigoma hana budi kulitengeneza. Na matangi haya ndiyo yaliyoiendesha reli. Reli ya Uganda, ndiyo njia hiyo ya Mombasa–Kisumu, ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, haikwenda mbali kabla ya kuingia nyika ya Taru, ambako maji ya wajenzi na ya injini yalibidi yaletwe kwa treni kutoka nyuma. Njia ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Upande wa Tanganyika, Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Dodoma na Tabora, ikafika Kigoma mwaka 1914. Injini za mvuke zilihitaji maji njia nzima, na tangi lilipokauka treni ilisimama. Injini za dizeli hazina haja hiyo, ndiyo maana matangi mengi sasa yanaota kutu au yanakatwa kuwa vyuma chakavu.

Chagua tangi moja la kweli, ulipime

Usijenge tangi la kubuni. Ukibuni, mkono utakuvuta kwenye vyuma vinene na mnara mfupi, na anayeijua reli ataona mara moja kwamba kitu hiki hakijawahi kusimama popote. Chagua tangi moja lenye mahali pake.

Ukifika stesheni, mtafute kwanza mkuu wa stesheni. "Shikamoo mzee. Mimi hutengeneza modeli za majengo ya reli, naomba ruhusa nipige picha na kupima lile tangi." Maneno hayo yasemwe kabla simu haijatoka mfukoni. Mara nyingi utaelekezwa pia kwa mstaafu anayekaa jirani, aliyewahi kufungua valvu ya tangi lenyewe, na maelezo yake yatakusaidia kuliko picha kumi. Usisimame kati ya reli kupiga picha, na usipande ngazi ya tangi. Ngazi za zamani huliwa na kutu kwenye maungio, mahali ambapo jicho halioni.

Piga kila upande ukiwa umerudi nyuma kadiri uwezavyo, kwa kuvuta lenzi, ili nguzo zisionekane zimeinama. Kisha piga kwa karibu: kona za tangi, boriti zilizo chini yake, maungio ya vyuma vya mshazari, nyayo za nguzo, bomba na valvu. Angalau picha moja iwe na kipimo ndani yake. Chukua ubao wa mita moja, upake weusi na weupe kwa kupokezana kila sentimita 10, uusimamishe ukigusa nguzo. Kwa picha hiyo utapata vipimo vya juu usikofika.

Sasa hesabu mabamba. Matangi mengi ya chuma ya reli yameungwa kwa mabamba ya mraba yaliyofinywa kiwandani na kufungwa kwa bolti, aina iliyoenezwa na kampuni ya Braithwaite ya Uingereza. Bamba la kawaida ni futi 4 kwa futi 4, yaani milimita 1,220. Ukilijua hilo huhitaji futi kamba huko juu. Mabamba 4 kwa urefu, 3 kwa upana na 2 kwenda juu ni tangi la mita 4.88 kwa 3.66 kwa 2.44. Linabeba zaidi ya tani 43 za maji. Linganisha na ubao wako pichani kabla ya kuamini, maana yako pia matangi ya mabamba ya mita 1.

Zikumbuke tani hizo 43 unapochora mnara. Kila chuma kilichopo kinabeba sehemu yake. Ukikiacha kimoja kwa sababu ni kidogo, modeli itaonekana dhaifu hata kwa mtu asiyejua kwa nini.

Skeli na mchoro

Mimi hupendekeza 1:87, yaani modeli iwe ndogo mara 87 kuliko kitu cha kweli. Kwa skeli hiyo njia ya reli yenye upana wa mita moja inatoka milimita 11.5, na njia ya modeli yenye upana wa milimita 12 inauzwa tayari. Bamba la futi 4 linakuwa milimita 14 kamili, kwa hiyo hesabu zako zote zinakwenda kwa kumi na nne. Mwenye macho yaliyochoka achukue 1:45, ambayo bamba lake ni milimita 27, lakini ajue atahitaji meza kubwa. Garati za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki, injini za mvuke zenye tangi la maji mbele na jingine nyuma, zilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31. Hata kwa 1:87 injini moja tu inachukua sentimita 36.

Kila kipimo cha kweli kwa milimita kigawanye kwa 87. Tangi letu la mfano linakuwa 56 kwa 42 kwa 28. Mnara wa mita 6 unakuwa milimita 69. Chuma cha pembe cha milimita 75 kinakuwa chini ya milimita 1, na fito ya mshazari ya milimita 25 inakuwa 0.3. Hapo ndipo modeli nyingi zinapoharibika: mtu anaona 0.3 ni ndogo mno, anaweka 1, na mnara unageuka boma la miti.

Chora kwa ukubwa wa modeli yenyewe kwenye karatasi ya mraba: upande mrefu, upande mfupi, na mwonekano wa juu. Toa nakala mbili za kila mchoro, kwa sababu moja utaibandika kwenye ubao na kujengea juu yake.

Vifaa

Plastiki nyeupe ya modeli ni nzuri lakini kwetu ni ya kuagiza. Hivi vinatosha: kadibodi ngumu ya milimita 1 (mgongo wa daftari kubwa au wa kalenda), kadi nyembamba ya boksi la dawa ya meno, foili ya vile visahani vya kubebea chakula, waya wa shaba uliovuliwa kutoka kwenye waya wa umeme wa nyuzi nyingi, njiti za meno, gundi nyeupe ya mbao, supa gluu, wembe mpya, rula ya chuma, msasa laini na kibano cha nyusi. Kwa mnara, kama una pasi ya kulehemu, tafuta waya mgumu wa shaba wa milimita 1 na 1.5. Kama huna, kadi iliyolowekwa supa gluu inakuwa ngumu kama plastiki na inakubali msasa.

Sanduku na mabamba

Kata kadibodi utengeneze sanduku la milimita 55 kwa 41 kwa 28, pungufu kidogo kwa urefu na upana ili unene wa foili usikuzidishie. Weka kuta za kati mbili ndani, zishuke milimita 5 chini ya ukingo. Bila hizo kuta ndefu zitajikunja gundi ikikauka. Paka varnishi ndani na nje na uache usiku mzima. Kwa anayeishi pwani hili si la hiari: kadibodi isiyopakwa hunywa unyevu wa hewa na kuvimba msimu wa masika.

Sasa kazi yenyewe. Bamba la tangi si bapa. Limefinywa ili likaze: kingo nne zimekunjwa, uso umeinuka, na mistari miwili ya mshazari inakutana katikati. Huwezi kuchonga mabamba 28 yakafanana, kwa hiyo tengeneza kalibu moja na uyachape yote.

Chukua kipande cha plastiki ngumu, kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa sana, ukate mraba wa milimita 14. Gundisha juu yake mraba wa kadi nyembamba wa milimita 12, katikati kabisa, na ulaze kingo zake kwa msasa ziwe na mteremko. Juu ya mraba huo gundisha unywele mmoja wa waya wa shaba kutoka kona hadi kona, kisha wa pili kuukatiza. Tandaza tone la supa gluu juu ya vyote kwa njiti, ngoja likauke kabisa, pitisha msasa mara moja tu. Kalibu imekamilika.

Kata foili kwa vipande vya milimita 18. Laza kipande juu ya kalibu, kishikilie kwa kidole cha gumba upande mmoja, kisha sugua kwa kitako cha njiti ya kiberiti kilicholainishwa. Anza katikati kwenda nje, usianze pembeni. Ukianza pembeni foili inashikika na kuchanika kwenye kona ya mraba wa ndani. Mishazari ikishaonekana, pitia kingo kwa kalamu ya wino iliyokwisha, halafu kata ziada kwa wembe ukifuata mraba wa kalibu. Foili ikiwa bado juu ya kalibu, chomeka ncha ya sindano kwa upole kando ya kila ukingo, alama sita au saba. Zitakuwa vijishimo badala ya vichwa vya bolti. Anayetaka vichwa vilivyoinuka aligeuze bamba na kuchomeka kutoka nyuma juu ya kipande cha ngozi; kazi ni ya polepole zaidi na matokeo ni bora zaidi.

Kabla ya kubandika, jaza mgongo wa kila bamba kwa gundi ya mbao. Foili tupu hubonyea ukiigusa tu na haiwezi kurudishwa.

Bandika kuanzia safu ya chini, kwenye kona, ukiongozwa na mistari uliyochora kila milimita 14 kwenye sanduku. Safu zote zikikaa, funika maungio kwa ukanda wa kadi nyembamba uliosimama kwa ubavu, ukitokeza milimita 0.5. Ndizo kingo mbili za mabamba zilizofungwa pamoja. Angalia picha zako kwanza: yako matangi ambayo kingo hizo zimegeukia ndani, na hayo nje ni laini.

Juu usipafanyie haraka. Modeli hutazamwa kutoka juu, kinyume na tangi la kweli, kwa hiyo sehemu ambayo hukuiona vizuri stesheni ndiyo kila mgeni wako ataiona. Kama tangi liko wazi, onyesha vyuma vya kukaza vinavyokatiza ndani kutoka ukuta hadi ukuta, na weka maji: kadi iliyopakwa kijani cha weusi, kisha matabaka matatu ya varnishi ya kung'aa. Kama lina paa la bati, chapa foili juu ya kitana chenye meno ya karibukaribu. Mabamba ya sakafu chini ya tangi yaache. Pale boriti zitayaficha.

Mnara

Tangi la mabamba hushikiliwa na boriti chini ya kila ungio la sakafu. Kwa hiyo tangi letu lina boriti tano za kukatiza, kila moja ya milimita 42, zikiachana milimita 14. Hizo zinalala juu ya boriti kuu mbili za urefu wa milimita 56, na boriti kuu zinakaa juu ya nguzo sita, tatu kila upande. Fuata mpangilio wa tangi lako, lakini kanuni hii ya boriti chini ya maungio utaikuta karibu kila mahali.

Boriti zitengeneze kwa kadi: ukanda mmoja wa kusimama na miwili ya kulala, juu na chini. Za kukatiza kimo cha milimita 3, kuu 4.5.

Kwa nguzo, bandika mchoro wa upande mrefu juu ya ubao laini, uufunike kwa mfuko wa nailoni ili gundi isishike. Kunja ukanda wa kadi kwa urefu uwe chuma cha pembe, kila bawa milimita 1.7. Kwanza pitisha mgongo wa wembe kwenye mstari wa mkunjo bila kukata, kisha kunja ukibana kwa rula. Ndani ya mkunjo pitisha supa gluu. Laza nguzo tatu juu ya mchoro, zishikilie kwa pini, unganisha vyuma vya kulala vya juu na vya katikati. Jenga ubavu wa pili juu ya mchoro uleule, si pembeni yake. Pande mbili zisipolingana, mnara utasimama kwa miguu mitano. Halafu simamisha pande zote mbili, weka vipande vya kati, na kabla gundi haijakaza pima mishazari ya mwonekano wa juu. Ikiwa sawa, kona za mnara ni za mraba.

Fito za mshazari hutangulia kunyooshwa. Funga ncha moja ya waya wa 0.3 kwenye koleo, vuta hadi usikie umelegea kidogo mkononi, na sasa umenyooka kabisa. Katika kila nafasi fito mbili zinapishana, moja ikipita mbele ya nyingine. Usizikate katikati ili zikutane. Kwenye kila kona weka kibamba kidogo cha pembetatu cha kadi, na fito ziishie juu yake. Vibamba hivi ni vidogo mno na vinachosha, lakini bila hivyo macho yanaona waya uliogundishwa kwenye kadi. Vikiwepo, yanaona chuma kilichofungwa kwa bolti.

Kila nguzo inasimama juu ya msingi wa zege wa milimita 7 kwa 7, ukitokeza 3 juu ya ardhi. Mbao laini inafaa, na iwe na kona zilizopigwa msasa kidogo. Kati ya nguzo na zege weka kibamba cha mraba cha milimita 3.5.

Mabomba, ngazi na kipimo cha maji

Bomba kubwa la kutoa maji ni njiti ya meno, iliyopakwa varnishi kwanza ili nyuzi za mti zisionekane. Bomba la kuingiza ni jembamba zaidi, waya wa karibu milimita 1. Usilisahau la tatu, la kumwaga maji ya ziada: linatoka karibu na ukingo wa juu na kuning'inia, na chini yake ardhi huwa na majani mabichi hata wakati wa kiangazi.

Ngazi yataka upana wa milimita 4.6 na vipandio kila milimita 3.4. Chora mistari hiyo kwenye kadibodi, toboa kwa sindano, ingiza nyaya fupi, gundisha mihimili miwili, kisha kata kadibodi uiondoe.

Matangi mengi yana kipimo cha nje: ubao wenye namba na mshale unaovutwa na kamba kutoka kwenye boya lililo ndani. Maji yakipanda boya linapanda, na mshale wa nje unashuka. Kwa hiyo kama umeweka maji hadi juu, mshale wako uwe chini.

Rangi

Tabaka la kwanza liwe rangi ya kijivu ya kupuliza, nyembamba, kwa umbali wa sentimita 30. Ukikaribia, rangi itajaza mishazari uliyoihangaikia. Baada ya hapo fuata picha zako, iwe ni rangi ya fedha, nyekundu ya kuzuia kutu, au kijivu.

Kutu ina mahali pake. Huanza kwenye maungio, chini ya bolti, kwenye mkunjo wa chini ambako maji hutuama, na chini ya bomba la ziada. Katikati ya bamba mara nyingi rangi bado ipo, imepauka tu kwa jua. Tumia rangi ya kahawia iliyotiwa maji mengi, uiachie itiririke yenyewe kwenye maungio, kisha futa uso kwa kitambaa. Ungio linalovuja mahali penye maji ya chumvi huacha mstari mweupe: rangi nyeupe kidogo sana kwenye brashi karibu kavu, ukivuta kwenda chini. Usipake kutu tangi zima. Tangi la namna hiyo lingekwisha kuanguka.

Kwa zege na miguu, chukua udongo wa stesheni yenyewe, uuanike, uuchuje kwa kitambaa cha soksi nyembamba, upake kwa brashi kavu. Wekundu wa udongo wa Voi hauko kila mahali, na hakuna chupa ya rangi itakayokupa kilicho sahihi kwa urahisi huo.

Kuliweka kando ya njia

Injini haikusimama chini ya tangi kila mara. Sehemu nyingi bomba lilipita ardhini hadi kwenye nguzo ya maji kando ya reli, yenye mkono unaozunguka na mpira wa turubai unaoning'inia. Tengeneza nguzo hiyo kwa njiti na waya uliokunjwa, mpira uwe kipande cha uzi mnene uliolowekwa gundi. Mkono uache uzunguke: ingiza waya wake ndani ya nguzo bila kuugundisha.

Kabla hujabandika chochote, weka njia na injini yako ndefu kuliko zote, uisogeze polepole mbele ya nguzo ya maji. Kama reli imepinda mahali hapo, pua ya Garati hutoka nje ya mstari. Zungusha mkono uone mpira unafika kwenye mdomo wa kujazia maji wa tangi la mbele la injini, kisha usogeze injini uone unafika na wa nyuma. Mkono ukiwa umegeuzwa sambamba na reli, treni nzima lazima ipite bila kuugusa. Ukisharidhika, tia alama ya penseli kuzunguka zege zote sita, toboa ubao kidogo, na ugundishe.